Nani Alifungua Kitambaa?

Siku za likizo, kabla chai haijachemka, Msasa alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu aliyemtuma: kufagia banda la ndege. Alinyunyiza maji kidogo sakafuni ili vumbi lisirukie mabawa, kisha akafagia kuanzia pembeni kuja mlangoni, akiokota ribiti, vile vijipini vya kuunganishia bati, zilizoanguka na kuzitia kwenye kopo.

Ndiyo, ndege. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na shangazi yake alikuwa fundi wa umeme wa magari. Ndugu hao wawili walikuwa wakiunda ndege ndogo ya viti viwili nyuma ya nyumba yao, bati kwa bati, tangu Msasa hajaanza darasa la kwanza. Majirani waliwacheka mpaka wakachoka wenyewe. Mmoja hakupita njia bila kuuliza, "Fundi, huyo kuku wako bado hajaota mabawa?" Sasa mabawa yalikuwapo. Injini ilikuwapo. Na asubuhi ya kisa hiki, ilikuwa imebaki siku moja tu mkaguzi wa ndege aje kuitazama. Akiridhika, ingeruhusiwa kuruka.

Hata jina la Msasa lilitoka kwenye banda hilo. Alikuwa amesugua mabawa hayo kwa msasa, likizo baada ya likizo, mpaka vidole vyake vikawa vigumu kama vya fundi mzima. Shangazi ndiye aliyempachika jina hilo, nalo likamganda.

Kitu alichokipenda kuliko vyote katika ndege ile kilikuwa kipandio. Mlango wa ndege ulikuwa juu, na Bibi, mama yake Baba, alikuwa ameahidiwa kuwa abiria wa kwanza. "Magoti yangu haya ya zamani," Bibi alikuwa amesema, "mtanipandisha kwa kamba kama gunia?" Basi wakamtengenezea kipandio. Ulikuwa mkono wa chuma uliochomoza chini ya mlango wa kushoto, kutoka tumboni mwa ndege, na mwisho wake palikuwa na bati la kukanyagia, pana kama kiganja cha mtu mzima. Lakini kitu kikining'inia nje wakati ndege inaruka hukamatwa na upepo. Kwa hiyo rubani, akiwa kitini, angebonyeza swichi na mkono ungejivuta ndani. Mota waliitoa kwenye mlango wa gari bovu, ile ya kupandishia kioo. Ilikuwa na sauti yake: *zzzzz*, halafu *tak!* Ukisikia hiyo tak, ujue kipandio kimefika.

Banda lilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Kazi ambayo haijakwisha hufungwa kitambaa chekundu, na aliyekifunga ndiye peke yake anayekifungua. Kumfungulia mwenzako kitambaa lilikuwa kosa ambalo hata Shangazi, mtu wa utani asubuhi hadi jioni, hakulifanyia mzaha.

Jana yake, wakati wa chakula cha jioni, Baba alikuwa amewatangazia: "Nimebandika mpira kwenye kipandio, Mama asije akateleza. Gundi haijakauka. Nimefunga kitambaa. Asikiguse mtu."

Asubuhi hii, Msasa alipofika upande wa kushoto na fagio lake, aliona kipandio kiko nje lakini kitambaa hakipo. Akaona pia mpira umejikunja pembeni. Akainama, akautazama vizuri bila kuugusa. Alidhani Baba amekwisha kuamka na kufungua kitambaa chake mwenyewe. Akaendelea kufagia.

Baada ya chai Baba aliingia bandani akipiga mluzi. Akapanda kwenye ndege kupitia mlango wa kulia, akaketi, akabonyeza swichi moja moja, mawazo yake yote yakiwa kwa mkaguzi, mpaka akafika ile ya kipandio. *Zzzz... zz... z.* Kimya. Hakuna tak. Harufu ya kitu kinachoungua ikatoka.

Baba alishuka mbio, akazunguka upande wa pili, akapiga magoti. Kipandio kilikuwa kimekwama nusu ndani, nusu nje. Akaona mpira uliojikunja. Akatafuta kitambaa, asikione.

"Nani amefungua kitambaa changu?" Sauti yake ilifika mpaka jikoni. Bibi akatoka na mwiko mkononi. Kaka yake Msasa, kijana wa kidato cha pili, akatokeza na kikombe chake cha chai ili asikose hata neno moja.

"Asubuhi nani amefagia humu?" Baba aliuliza.

"Mimi, Baba," alisema Msasa.

"Ukapanda kipandio."

"Hapana, Baba."

"Ukafungua kitambaa, ukapanda kwenda kuchezea usukani. Mpira ukateleza, mkono ukapinda. Mkaguzi anakuja kesho! Kwa nini umefanya hivi?"

"Baba, sijakigusa. Nilidhani umefungua mwenyewe. Na ukiangalia hiyo gundi..."

"Usinijibu!"

Msasa alifunga mdomo, lakini kichwani mwake maneno yalichemka kama maji kwenye sufuria yenye mfuniko. Ameulizwa swali, akijibu, anaambiwa asijibu. Sasa afanye nini, anyamaze? Akinyamaza, watasema ameshindwa kujitetea.

"Na miguu yenyewe hiyo kama makasia," alichomekea Kaka, akinywa chai yake. "Kipandio kingepona wapi? Mkanyaga Gundi!"

"Wewe nyamaza," Bibi alimkaripia, lakini jina lilikuwa limekwisha kutoka.

Baba alinyoosha kidole mlangoni. "Toka. Humu huingii tena, wala kesho mkaguzi akija sitaki kukuona hapa, mpaka uje uombe radhi. Kuharibu ningeweza kusamehe. Uongo, hapana."

Uongo! Neno hilo ndilo lililomchoma. Msasa alitoka bila kukimbia, maana anayekimbia huonekana amekosa. Alipofika nyuma ya jiko ndipo machozi yakamtoka, na hayakuwa machozi ya huzuni. Alikuwa amekasirika mpaka masikio yakawaka moto. Mabawa yale aliyasugua nani? Ribiti zile aliziokota nani? Leo ameitwa mwongo mbele ya watu, na kesho ndege itakaguliwa yeye akiwa amefungiwa nje kama mbuzi aliyekula mboga za watu.

Bibi alimkuta huko, akaketi karibu yake juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Mjukuu wangu, nenda ukaombe radhi, yaishe."

"Niombe radhi kwa lipi, Bibi?"

"Si kwa hilo... hilo lililotokea."

"Lipi?"

"Ah, na wewe! Baba yako leo kichwa kimejaa mambo. Mkaguzi, kipandio, kila kitu. Samahani ni neno moja tu. Litakung'oa jino?"

"Bibi, wewe unaamini nilipanda?"

Bibi aliuchunguza mwiko wake kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Mimi nataka amani nyumbani kwangu," alisema.

Hapo Msasa akaelewa kwamba hata Bibi hana hakika naye. Hasira ikarudi upya. Lakini alifikiria pia kesho, mkaguzi akizunguka ndege, Bibi akiinua mguu wake kupanda kwa mara ya kwanza, na yeye akiwa amejificha jikoni. Neno moja tu. Alijipangusa uso, akainuka, akaenda mpaka mlango wa banda akiwa na lile neno mdomoni, tayari kulitema.

Baba alikuwa chini ya ndege na nyundo mkononi. "Umepinda kidogo tu," alikuwa akijisemea. "Nikiugonga mara mbili tatu utanyooka." Alimwona Msasa mlangoni, akangoja. Uso wake ulikuwa umelegea kidogo. "Haya. Sema."

Msasa alisimama kizingitini. "Baba, nikisema samahani, nitakuwa nimekudanganya. Na ndilo kosa ulilosema huwezi kusamehe."

Nyundo ya Baba ilibaki hewani.

"Hebu weka hiyo nyundo chini kwanza," sauti ilisema nyuma ya Msasa.

Alikuwa Shangazi, ametoka gereji, mkoba wake wa vifaa begani. Alisikiliza malalamiko yote ya kaka yake, mwanzo hadi mwisho, huku akifunga kilemba chake vizuri asije akakinasisha mahali. Kisha akauliza, "Ulimwona akipanda?"

"Nani mwingine alikuwa humu asubuhi?"

"Sikukuuliza hivyo. Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Basi bado hatujui kitu. Gari likiletwa kwangu limezimika, mwenye gari huwa ana jibu tayari. Mara dereva, mara mafuta mabaya. Mimi huwa naanza kwenye betri. Msasa, njoo unishikie tochi."

"Nimemkataza kuingia humu," alisema Baba.

"Sawa. Basi nishikie wewe."

Baba akachukua tochi. Msasa alibaki kizingitini, vidole vya miguu vikiwa nje ya banda kabisa, asije mtu akasema amevunja amri. Akatazama.

Shangazi alitoa taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili. Akaigusisha kwenye betri, ikawaka. "Betri nzima." Akachomoa fyuzi ya kipandio. Waya wake wa ndani ulikuwa umekatika. "Umeona? Fyuzi imeungua. Fyuzi haiungui kwa kupenda. Mota ilikuwa ikisukuma kitu kilichokataa kwenda." Akaweka fyuzi mpya, akapima swichi: umeme ulipita. Kisha akafungua komeo linaloshikanisha mota na mkono wa kipandio, akabonyeza swichi. *Zzzzz!* Mota ilizunguka kwa raha zake.

"Betri nzima, swichi nzima, mota nzima," alisema Shangazi. "Shida iko kwenye mkono."

"Si ndivyo nilivyosema mimi? Umepindwa!" Baba alidakia.

Shangazi hakubishana. Aliuvuta mkono nje taratibu, akautoa mpaka mwisho, akalaza rula ya chuma ubavuni mwake. Baba akaimulika kwa tochi. Kati ya rula na mkono hapakupita hata mwanga.

"Umenyooka kama uzi," alisema. "Na wewe ulitaka kuugonga nyundo."

Baba alikuna kidevu.

"Shangazi," Msasa aliita kutoka kizingitini. "Naweza kusema?"

"Sema, mwanangu. Mdomo haujakatazwa kuingia."

"Hiyo gundi. Mtu akikanyaga gundi mbichi, si ingeshika alama ya mguu? Mimi nilikuwa nimeshika fagio, miguu ina vumbi tupu. Iangalieni, haina hata chembe."

Shangazi na Baba waliinama pamoja, vichwa vikakaribia kugongana. Gundi ilikuwa imetokeza pembeni mwa mpira, inang'aa, safi. Hakuna unyayo, hakuna vumbi.

"Halafu mpira umejikunja kwenda nje," aliendelea Msasa. "Mtu akikanyaga anauminya kwenda chini. Huu umekwanguliwa. Ni kama kipandio kiliingia ndani wakati gundi bado mbichi, ukingo wa tundu kinamoingilia ukausukuma mpira. Na jana jioni kiliingia. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikasikia. Zzzzz, tak. Halafu tena, zzzzz, tak. Nilitaka kukuambia asubuhi, Baba. Ukaniambia nisijibu."

Baba alikuwa ameacha kukuna kidevu.

"Kaka yangu," Shangazi alimuuliza Baba polepole, "jana jioni, baada ya kubandika mpira, ulifanya nini?"

"Nilifunga kitambaa. Kwenye mkono, juu kidogo ya bati."

"Halafu?"

"Halafu nikapanda kitini kufanya mazoezi ya kesho. Mkaguzi atataka kuona kila kitu kinafanya kazi. Nikabonyeza swichi moja moja. Taa ya mbele, taa za mabawa, redio..."

"Redio," alirudia Shangazi, "na inayofuata redio ni ipi?"

Ukiwa kitini huwezi kuona kipandio. Kiko chini ya mlango, tumboni mwa ndege. Baba alikuwa amekivuta ndani na kukitoa tena bila kukiona, kwa kidole chake mwenyewe.

"Ulishukia wapi?" Shangazi aliuliza, na tayari pembe za mdomo zilikuwa zinamchezacheza.

"Mlango wa kulia," Baba alijibu kwa sauti ndogo. "Kwa kigoda. Nisije nikakanyaga gundi."

Shangazi aliangua kicheko mpaka akashika bawa asianguke. Kisha akafungua kifuniko kilicho chini ya kiti, akaingiza waya wenye ncha iliyokunjwa kama ndoana, akavua mle ndani, akavuta. Kikatoka kitu kimejiviringisha, kimelowa grisi, upande mmoja umebabuka kwa joto la mota. Akakikung'uta. Chini ya uchafu wote ule rangi bado ilionekana. Nyekundu.

Hakuna aliyekifungua. Kipandio chenyewe kilikuwa kimekimeza jioni, na asubuhi kikakwama kwa sababu kitambaa kilikuwa kimejikusanya ndani.

Baba aliketi juu ya kigoda chake. Alikigeuza kitambaa huku na huku. "Basi," alisema mwishowe bila kuinua macho, "yamekwisha. Njoo ndani, Msasa, ushike tochi."

Msasa hakusogea. Hakuwa amecheka pale Shangazi alipocheka, na sasa hivi hakuona raha aliyotarajia kuiona. Aliinamisha kichwa kama inavyompasa mtoto kwa baba yake, lakini miguu yake ilibaki nje ya kizingiti.

"Bado, Baba," alisema. "Uliniita mwongo watu wote wakisikia. Bibi alisikia. Kaka alisikia, na jina amekwisha kunipa. Sasa ukweli tumeusikia sisi watatu tu."

Shangazi aliacha kucheka, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Kisha Baba akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akaita kwa sauti ileile ya asubuhi, "Mama! Njoo! Na huyo kijana aje, aache hicho kikombe!"

Walipofika, Baba alikiinua kitambaa juu, kikadondosha grisi kwenye mkono wa shati lake.

"Kitambaa hiki hakukifungua mtu," alisema. "Nilikifunga mimi, nikakivuta ndani mimi kwa kubonyeza swichi bila kutazama. Mpira nimeuharibu mimi. Huyu mtoto alisema kweli tangu mwanzo, nami nikamkatiza. Nilimwita mwongo kwa sababu nilikuwa na haraka na nilihitaji mtu wa kumlaumu. Msasa, nisamehe."

Msasa aliinua uso. "Nimekusamehe, Baba," alisema, na alipolisema akagundua kwamba masikio yake hayachomi tena.

"Na wewe?" Baba alimgeukia Kaka.

"Mimi nilikuwa natania tu..."

"Utani wako ulimwangukia asiyekosa."

"Samahani, Msasa," Kaka alisema. "Lakini miguu bado ni makasia."

"Na ya kwako ni mitumbwi," alijibu Msasa, na hapo ndipo akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akavuka kizingiti.

Bibi alikichukua kile kitambaa, akakinusa ule upande uliobabuka, akakunja uso.

"Hiki kingeendelea kukaa humo ndani, karibu na mota inayopata moto?" aliuliza.

"Kingeungua, Mama," alisema Shangazi. "Pengine hapa chini. Pengine huko juu, wewe ukiwa umekaa kitini unatazama mawingu."

Bibi akamshika Msasa bega.

"Mimi ndiye niliyekushawishi ukaombe radhi ili yaishe," alisema. "Nilikukosea, mjukuu wangu. Ungekubali, mkono ungegongwa nyundo, mpira ungebandikwa upya, na sote tungelala tukiamini tumeshapata jibu. Kitambaa kingebaki humo humo. Sikilizeni, na wewe baba mtu mzima sikiliza pia: aliyekosa na akiri kosa lake, hata awe mkubwa kiasi gani. Lakini asiyekosa asibebe kosa la mwingine kwa kutafuta amani, maana kosa la kweli litabaki lilipo, likingoja siku yake. Na anayeuliza swali, angoje jibu."

Jioni hiyo walibandika mpira mwingine. Baba alifunga kitambaa kipya, lakini safari hii hakukifunga kwenye mkono wa kipandio. Alikifunga kwenye swichi yenyewe, palepale ambapo kidole cha mtu mwenye haraka kingekutana nacho kwanza. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya banda.

Kesho yake mkaguzi alizunguka ndege mara nyingi, akigonga hapa na kuchungulia pale. Alipofika kwenye kipandio alisema, "Naomba kukiona kikifanya kazi."

Baba, aliyefunga kitambaa, alikifungua kwa mkono wake. Kisha akasogea pembeni. "Binti yangu ndiye anayekijua vizuri zaidi," alisema.

Msasa aliketi kwenye kiti cha rubani. Kabla ya kugusa kitu alichungulia nje kupitia mlango wa kushoto, akatazama chini mpaka akaridhika kwamba hapana kitambaa, hapana mkono wa mtu, hapana kitu. Ndipo akabonyeza.

*Zzzzz. Tak!*

"Kitoe tena," aliita Bibi kutoka nyuma ya mkaguzi, viatu vyake vizuri vikiwa mguuni tayari. "Nimengoja vya kutosha mimi."